Klampu za Kuunga Paneli Pana: Ni Ngapi, za Aina Gani, na Kwa Nini Mbao Hujikunja

Kila seremala anayeanza kutengeneza meza hufika mahali pamoja. Mbao anazo, zimepigwa randa, gundi ipo, lakini hakuna ubao hata mmoja wenye upana wa meza. Inabidi aunge mbao tano au sita ubavu kwa ubavu, na swali linamkuta: nizibane kwa kitu gani? Fundi mmoja atamwambia asijaribu bila klampu nzito za bei kubwa. Mwingine atasema kabari na kamba zinatosha, wazee walifanya hivyo hivyo. Wa tatu atamwonya asikaze sana kwa sababu gundi itatoka yote.

Kila mmoja anajibu swali lake. Kuna swali la nguvu: kiungo kinahitaji kubanwa kwa kiasi gani? Kuna swali la mtawanyiko: nguvu inayotoka kwenye taya ndogo ya chuma inafikaje kwenye kiungo kizima cha mita moja au mbili? Na kuna swali la unyoofu: paneli itabakije bapa wakati inaminywa kutoka pande mbili? Klampu inayojibu vizuri swali moja inaweza kushindwa kabisa kwenye jingine, na ndiyo maana ushauri unagongana.

Tukubaliane kwanza juu ya maneno. Paneli ni ubao mpana uliopatikana kwa kuunga mbao nyembamba kwa gundi. Ubavu ni upande mwembamba na mrefu wa ubao, ule unaopakwa gundi. Klampu ni chombo cha kubania kinachohamishika. Jiliwa ni ile iliyofungwa mezani, nayo haituhusu hapa. Klampu ndefu ina taya mbili, skrubu ya kukazia, na chuma kirefu kinachoziunganisha taya hizo. Chuma hicho nitakiita uti, kwa sababu kazi yake ni ile ile ya uti wa mgongo: ukipinda, kila kitu kinapinda nao.

Klampu haitengenezi kiungo

Watu wengi huamini kwamba klampu yenye nguvu itavuta mbao mpaka nafasi iliyo kati yake ifungike. Ni kweli, itavuta. Tatizo ni kwamba ubao haujasahau umbo lake. Ukiulazimisha ubao uliopinda kukaa sawa, halafu gundi ikakauka, kiungo hicho kitaishi kikivutwa usiku na mchana kama kamba ya upinde. Siku hewa ikikauka na mbao zikasinyaa kidogo, ufa utaanzia pale pale ulipolazimisha.

Gundi ya mbao ya kawaida, ile nyeupe au ya manjano ya PVA, haizibi mapengo. Inashika vizuri pale tu ambapo nyuso mbili za mbao zimegusana karibu kabisa na katikati yake kuna utando mwembamba wa gundi. Kazi ya klampu ni kuhakikisha mgusano huo upo kwenye kiungo kizima, na kuutunza mpaka gundi ishike. Kwa hiyo kazi ya kuchagua klampu huanza kwenye randa.

Panga mbao zako kavu, bila gundi, mezani. Zisogeze kwa mikono miwili tu. Weka taa nyuma ya kiungo uangalie mwanga unaopenya. Nafasi ikifungika kwa msukumo wa mikono, au kwa klampu moja ya katikati iliyokazwa kidogo, uko tayari. Ikihitaji uning'inie kwenye mpini wa skrubu, rudisha ubao kwenye randa. Mimi hupenda kuacha katikati ya ubavu pakiwa pamezama kidogo, unene wa karatasi moja au mbili kwa ubao wa mita moja. Hapo klampu ya katikati inapofunga nafasi, ncha mbili zinaminyana zaidi. Hili lina faida, kwa kuwa ncha za ubao hupoteza unyevu haraka kuliko katikati, na viungo vingi huanza kuachia kutokea nchani.

Na kama hujiamini na pembe ya ubavu, weka mbao mbili zinazopakana bapa kwa bapa, kama kurasa mbili za kitabu kilichofungwa, uzipige randa mbavu zote mbili pamoja. Pembe ikikosea digrii moja upande huu, itakosea digrii hiyo hiyo kinyume upande ule, na ukizifungua zitakaa bapa.

Ngapi?

Chukua safu ya vitabu kumi kutoka kwenye rafu kwa kuiminya kati ya viganja viwili. Inanyanyuka yote. Sasa fikiria vitabu hivyo vimepakwa gundi. Msukumo wa viganja vyako unapita kwenye kitabu cha kwanza, cha pili, cha tatu, hadi cha mwisho, na kila mahali vitabu viwili vinapokutana nguvu ni ile ile. Hukuhitaji kiganja kimoja kwa kila kitabu.

Paneli ni hivyo hivyo. Ikiwa na viungo viwili au vinane, klampu moja inavibana vyote kwa nguvu ile ile. Kwa hiyo upana wa paneli hauongezi idadi ya klampu; unaongeza urefu wake tu. Kinachoongeza idadi ni urefu wa kiungo. Meza fupi na pana inaweza kubanwa kwa klampu nne ndefu, huku ubao mrefu na mwembamba wa kaunta ukihitaji kumi fupi. Nimeona watu wakinunua kinyume chake, na inaniuma, kwa sababu klampu si kitu cha bei ndogo.

Sasa mtawanyiko. Taya ikigusa ubavu wa nje, nguvu haisafiri kwa mstari mmoja kama msumari. Hutanuka ndani ya mbao kama mwanga wa tochi, takriban digrii 45 kila upande. Ubao wa pembeni ukiwa na upana wa sentimita 10, nguvu ya klampu moja itakuwa imetanuka sentimita 10 kulia na 10 kushoto inapofika kwenye kiungo cha kwanza, yaani sentimita 20 kwa jumla. Kiungo cha mita moja hapo kinahitaji klampu 5, moja kila sentimita 20, ya kwanza na ya mwisho zikiwa sentimita 10 kutoka nchani.

Ubao wa pembeni ukiwa wa sentimita 5 tu, hesabu inadai klampu 10. Usikimbilie dukani. Weka papi, yaani kipande kirefu cha mbao, iliyonyooka yenye upana wa sentimita 5 kati ya taya na ubavu wa nje, kila upande. Nguvu inaanza kutanukia kwenye papi, na kufikia kiungo cha kwanza imeshapata zile sentimita 20 zake. Papi hiyo pia inazuia taya kuacha alama kwenye ubavu. Vipande viwili vya mbao vimeokoa klampu 5.

Baada ya mtawanyiko ndipo tuulize nguvu. Watengenezaji wa gundi za PVA kwa kawaida hushauri shinikizo la kama kilo 7 hadi 10 kwa kila sentimita mraba kwa mbao laini, na kilo 12 hadi 17 kwa mbao ngumu. Kiungo cha mita moja kwenye mbao za unene wa sentimita 2.5 kina sentimita mraba 250. Zidisha, upate kilo 1,750 hadi 2,500 kwa mbao laini, na zaidi ya kilo 3,000 kwa mbao ngumu. Namba hizo zinatisha mpaka ukumbuke kwamba skrubu ni mashine ya kuzidisha nguvu za mkono. Klampu nzuri ya bomba au ya uti mnene hutoa mamia ya kilo bila wewe kutoka jasho, tuseme kilo 400 na zaidi. Kwa hiyo zile klampu 5 za mtawanyiko zinaingia vizuri kwenye ukanda wa mbao laini, na kwa mbao ngumu unaongeza mbili tatu. Kiungo kilichorandwa kwa uangalifu hushika hata chini ya viwango hivyo. Ukanda huo ni lengo la kukaribia.

Paneli inapopanda katikati

Hapa ndipo panapoharibu kazi nyingi kuliko mahali pengine popote. Kosa nililifanya mwenyewe kwenye paneli ya mbao sita, upana wa sentimita 60. Nilikuwa na klampu nne, nikazipanga zote mezani, nikalaza mbao juu yake, nikakaza. Gundi ilichuruzika vizuri kwenye kila kiungo, na nikaenda kulala nikiwa na furaha. Asubuhi nilipofungua nikaweka rula ya chuma kukatisha upana. Rula iligusa katikati, na kingo zote mbili za nje zilikuwa chini yake kwa milimita 5. Mbao za milimita 25, na nilitakiwa kuondoa karibu milimita 5 juu na nyingine chini ili nipate ubapa. Paneli ya meza ilikuwa imegeuka kuwa paneli ya mlango wa kabati.

Rudi kwenye vitabu. Ukiiminya safu karibu na chini badala ya katikati ya kimo chake, vitabu vinajifungua juu na safu nzima inapanda kama mgongo wa paka. Klampu inapolala chini ya paneli hufanya hivyo hivyo. Unapokaza, uti unapinda kidogo, taya zinainamia nje kwa juu, na sehemu inayobaki kugusa ubavu ni ile ya chini. Msukumo unapita chini ya katikati ya unene wa ubao, na paneli inapanda. Kadiri uti ulivyo mwembamba ndivyo taya zinavyoinama haraka.

Dawa ya kwanza ni kupishanisha: klampu moja chini, inayofuata juu, tena chini, tena juu. Za chini zinataka kuipandisha paneli, za juu zinataka kuishusha, na zinapingana. Ya pili ni kuhakikisha kitovu cha skrubu kinaelekea katikati ya unene wa ubao. Kwa mbao nyembamba, hilo linamaanisha kuinyanyua paneli juu ya uti kwa vipande vya mbao. Wengine huchomeka kijiti cha mviringo kati ya taya na ubavu ili nguvu ipite kwenye mstari mmoja tu, kati kwa kati. Ni mbinu nzuri sana na haigharimu kitu.

Ya tatu ni papi za kukingama: papi mbili nene, moja juu na moja chini ya paneli, zikikatisha upana wote, zinabanwa kwenye ncha zake kwa klampu ndogo. Hizi ndizo zinazolazimisha mbao zote kukaa usawa mmoja. Zipige randa ziwe na tumbo dogo la milimita 1 au 2 katikati. Tumbo likielekea paneli, ukibana ncha, katikati nako kunaminywa. Zifunike kwa utepe wa plastiki au upake nta, la sivyo zitagandia na paneli itabidi uikwangue. Kaza papi hizi kidogo kwanza, halafu klampu ndefu nusu, halafu papi tena, halafu klampu mpaka mwisho. Ukianza kwa kukaza klampu ndefu kabisa, mbao zikipishana kwa milimita moja hutaweza tena kuzirudisha.

Sasa tuchague

Klampu ya herufi G ni fupi mno kwa kazi hii; itakufaa kubana papi za kukingama. Zile za kukaza kwa kuminya kichokoo kwa mkono mmoja zinapendwa kwa wepesi wake, na mimi nazitumia kila siku kushikilia vitu, lakini nyingi hazina nguvu ya kutosha kwa paneli ya mbao ngumu. Klampu ya herufi F yenye uti mwembamba inafaa paneli ndogo, hadi upana wa sentimita 40 au 50. Zaidi ya hapo uti unapinda, na umeshaona kinachofuata.

Klampu za aluminiamu zenye uti wa mraba wenye uwazi ndani ni nyepesi, na kwa mtu anayebana paneli peke yake wepesi huo una thamani. Zinapinda, lakini kuna dawa: tia papi ya mbao ngumu inayobana vizuri ndani ya uwazi wa uti, urefu wote. Zinakakamaa kwa kiasi cha kushangaza.

Kisha kuna klampu za taya sambamba. Taya zake ni ndefu na zimetengenezwa zisiiname zinapokazwa, na uti wake mpana hukaa kama reli ambayo paneli inalala juu yake. Ni chombo kizuri kweli. Lakini ni nzito, na kwa bei ya mbili au tatu unaweza kupata seti nzima ya aina nyingine. Anayeambiwa kwamba bila hizi hatapata paneli bapa anadanganywa. Klampu za kawaida zikipishanishwa juu na chini zinatoa ubapa ule ule.

Ushauri wangu kwa anayeanza ni klampu za bomba. Unanunua vichwa viwili: kimoja chenye skrubu kinafungwa kwenye hesi ya bomba la chuma, kingine kinateleza na kujifunga popote unapotaka. Bomba la robo tatu inchi ni gumu zaidi kuliko la nusu inchi. Kwa paneli pana chukua la robo tatu. Leo una bomba la mita moja, kesho una kazi ya mita mbili, unafunga soketi na kuongeza bomba jingine. Hakuna klampu nyingine inayokua na kazi yako namna hiyo. Kasoro yake ni kwamba vichwa vinaweza kuzunguka kwenye bomba, hivyo hakikisha taya imekaa wima kabla ya kukaza.

Na asiye na klampu hata moja? Chukua papi mbili nene ndefu kuliko upana wa paneli. Kwenye kila papi funga kwa skrubu kizuizi imara kila upande, ukiacha nafasi ya sentimita tatu au nne zaidi ya upana wa paneli. Jaza nafasi hiyo kwa kabari mbili zinazopishana ncha, uzigonge kwa nyundo ya mbao kutoka pande mbili. Kabari nayo ni mashine ya kuzidisha nguvu, sawa na skrubu. Nimebana paneli za mbao laini kwa njia hii zikatoka safi. Kinachokosekana ni wepesi wa kurekebisha kidogo kidogo, kwa hiyo majaribio makavu yawe mengi.

Kuhusu urefu: chukua upana wa paneli, ongeza sentimita 15 hadi 20 kwa ajili ya papi za pembeni na mwendo wa skrubu. Meza ya sentimita 80 inataka klampu ya mita moja. Anayetengeneza meza za kawaida akiwa na 6 za namna hiyo hatakwama mara nyingi.

Hofu ya kukaza sana

Onyo la gundi kutoka yote lina asili yake, kwa sababu kiungo kikavu kisicho na gundi kipo kweli. Ila kwa skrubu za kukaza kwa mkono, chanzo chake mara nyingi ni gundi iliyopakwa kidogo, au iliyoachwa ikaanza kukauka kabla ya kubanwa. Gundi nyingi za PVA hukupa dakika 5 hadi 10 za kupanga, na hewa ikiwa ya joto na kavu muda unapungua. Ukiona mbao nyingi mno kwa muda huo, unga tatu tatu, kisha uunge nusu hizo mbili baadaye. Hasara halisi ya kukaza kupita kiasi ni paneli kupanda, taya kuzama kwenye ubavu, na uti kupinda.

Angalia gundi inavyotoka. Ukikaza vizuri, kwenye kila kiungo utaona matone madogo yamejipanga kama shanga kwenye uzi. Pakiwa na shanga hapa, na pale sentimita 20 mbele hakuna kitu, nguvu haijafika pale, ongeza klampu. Ikimwagika kama uji, ulipaka nyingi. Acha matone yawe kama mpira, nusu saa hivi, ndipo uyanyanyue kwa patasi. Ukiyafuta yakiwa mabichi kwa kitambaa chenye maji, unayasukuma ndani ya nyuzi za mbao na rangi haitashika hapo.

Jambo jingine ambalo wengi hulifahamu wakiwa wamechelewa ni madoa. Chuma kikigusa gundi mbichi kwenye mbao zenye tanini (kemikali ya asili ya mti) nyingi, kama mwaloni, huacha alama nyeusi zinazoingia ndani. Ukanda wa plastiki au karatasi ya nta kati ya uti na paneli unamaliza tatizo.

Fungua klampu baada ya nusu saa hadi saa moja kama gundi yako inaruhusu, lakini usiipe paneli mzigo wala kuipiga randa kabla ya saa 24. Kwa kweli mimi husubiri siku tatu au nne, paneli ikiwa imesimama na hewa inapita pande zote mbili. Maji ya gundi huvimbisha mbao kwenye mstari wa kiungo. Ukipiga randa na msasa uvimbe ukiwa bado upo, utapata uso laini kabisa leo, na wiki mbili baadaye, mbao zikishakauka, kila kiungo kitakuwa kimezama na kuacha kamfereji kembamba; utakaona mwanga wa dirisha ukipita juu ya meza.